RISALA YA KLABU YETU YA MAZINGIRA KWA MGENI RASMI: BAHARI IKIPANDA NA SISI WA DODOMA TUNAHUSIKA

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wetu wa shule, walimu, wazazi mliofika na jua lote hili, na wanafunzi wenzetu, wakubwa wetu shikamooni, wenzetu habari za saizi.

Kwanza asante sana kwa kukubali mwaliko, tunajua kazi za pale Mji wa Serikali Mtumba haziishi na bado ukapata muda wa kuja kukaa na sisi chini ya huu mti. Klabu yetu ilianza na kupanda miche tu na kuimwagilia, mwaka huu tukasema tusome habari za bahari, na kila tuliyemwambia alishangaa, hata wazazi nyumbani waliuliza, bahari na Dodoma wapi na wapi?

Jibu tulilipata kwa mwalimu wetu wa jiografia. Alitandika ramani mezani akaweka kidole kwenye mto Kinyasungwe, huu huu ambao miezi mingi ni mchanga mtupu na tunauvuka kwa miguu, kidole kikashuka nao mpaka Mkondoa, kikaingia Wami, kikatokea Bahari ya Hindi kule Saadani. Akarudi tena akaanzia bwawa la Mtera, akafuata Ruaha Mkuu mpaka Rufiji, mpaka kwenye delta, yaani pale mto unapogawanyika kabla ya kuingia baharini, yenye msitu mkubwa kabisa wa mikoko Afrika Mashariki. Darasa zima lilinyamaza. Yaani udongo unaobebwa na mvua kwenye mashamba yetu ya mtama na alizeti safari yake inaweza kuishia chini ya mikoko, na mikoko inauhitaji huo udongo, maana bahari ikipanda delta nayo inatakiwa ijijaze tope ipande, tope lisipofika mikoko inazama.

Mheshimiwa, bahari kweli inapanda. Wanasayansi wa IPCC, lile jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi, wanasema kuanzia 1901 hadi 2018 usawa wa bahari duniani umepanda kama sentimita 20, na kati ya 2006 na 2018 kasi ilikuwa milimita 3.7 kila mwaka, kwa sababu maji yakipata joto yanatanuka na barafu za nchi kavu zinayeyuka zinaingia baharini. Mtu akisikia milimita anaona ni kidogo, lakini ile milimita inakuja juu ya bamvua, yaani maji kujaa kupita kawaida, na juu ya mawimbi ya dhoruba, na pwani yetu ni kama kilomita 1,400. Bagamoyo kuna visima vya shule vilivyoingiwa chumvi mpaka ikabidi wafungiwe mfumo wa kuvuna maji ya mvua, Pemba kuna mabonde ya mpunga yaliyoingiwa maji ya bahari. Sisi tunaotegemea visima vya Mzakwe hilo la kisima kuharibika limetugusa sana, tulilijadili wiki mbili.

Tulipopata nafasi wachache wetu tulipanda treni ya SGR tukaenda Dar kuuona ukuta wa pale Ocean Road uliokamilika 2018. Ni kazi nzuri na haikufanywa na mtu mmoja, kulikuwa na Ofisi ya Makamu wa Rais, kulikuwa na UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, kulikuwa na hela za mifuko ya kimataifa ya kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi, na kwenye mpango huohuo kuna watu walipanda mikoko. Ila mzee mmoja mvuvi tuliyemkuta pale alituambia kitu ambacho hatujakisahau, alisema mchanga wa pwani unatembea, ukiuzuia hapa jua kuna mahali utapungua. Na kweli tuliposoma tukakuta Kunduchi ufukwe uliliwa na sababu mojawapo ni watu kuchimba mchanga kwenye mito inayoulisha. Aliyechimba yuko juu mtoni, nyumba inayoanguka iko chini baharini, na ofisi zinazowahusu hao wawili ni tofauti. Na Maziwe kule Pangani hivyohivyo, kilikuwa kisiwa chenye mivinje na kasa wanataga, miti ikakatwa, mawimbi yakala mchanga, leo ni fungu linaloonekana maji yakipwa tu.

Hapo ndipo tunapotaka kukazia mheshimiwa. Taasisi zipo nyingi na zinafanya kazi, kinachotakiwa ni zikae meza moja na zitumie namba moja. Marekani kule kusini mashariki mwa Florida kaunti nne, Broward, Miami-Dade, Monroe na Palm Beach, zilisaini makubaliano 2010 na mwaka uliofuata zikatoa makadirio ya pamoja ya kupanda kwa bahari, kwahiyo anayejenga daraja na anayechimba mtaro wanapiga hesabu kwa kimo kimoja. Kwetu msingi upo, Mkataba wa Nairobi wa 1985 wa kulinda bahari na pwani unaunganisha nchi kumi kuanzia Somalia mpaka Afrika Kusini pamoja na visiwa, na kuna WIOMSA, chama kilichoanzishwa 1993, wako Zanzibar wanaunganisha watafiti wa bahari. Mazingira si jambo la Muungano, Zanzibar wana mamlaka yao na Bara tuna ya kwetu, sawa, lakini mkondo wa maji kati ya Unguja na Bagamoyo ni mmoja.

Kwahiyo ombi letu kubwa, pale mipango ya pwani inapokaliwa, bodi za maji za mabonde ya Wami/Ruvu na Rufiji ziitwe tangu siku ya kwanza, pamoja na BMU, vile vikundi vya wavuvi vya kulinda rasilimali za fukwe, na mikoa ya juu kama Dodoma isiachwe. Ombi la pili ni dogo, tusaidie tupate shule rafiki kule delta ya Rufiji, wao watupimie maji ya bamvua na chumvi ya visima, sisi tutawapimia mvua na siku ambazo Kinyasungwe na mito ya kwenda Mtera inatiririka, tutumiane kila mwezi. Daftari la mvua tumeshaanza, liko hapo mezani mbele yako, tunaomba uweke sahihi ukurasa wa kwanza.

Tunaomba kuwasilisha.