Miti imerudi, udongo je?

Mhariri,

Kila msimu wa mvua tunagawiwa miche ya misonobari na mikaratusi, kisha tunatangaziwa kwamba misitu imerudi. Sindano za msonobari huoza polepole na huongeza tindikali ardhini. Mkaratusi nao hukatwa ungali mchanga. Magome na matawi yakibebwa pia, rutuba huondoka nayo. Katika Hifadhi ya Taifa ya Kibale, hapa magharibi mwa Uganda, miti ya kienyeji ilianza kupandwa miaka ya 1990, na kwingine humo moto ulizuiwa tu, msitu ukajiotea. Majani ya aina nyingi yakioza pamoja, mboji hurudi. Huchukua miaka, na mkulima anataka kuni leo (hata mimi nina mikaratusi). Ibaki mashambani, lakini hifadhi zilizofyekwa zipewe miti ya kienyeji kama mivule na miringaringa.

Msomaji, Fort Portal