Redio ziziache nyimbo ndefu zifike mwisho

Kwako Mhariri,

Husemwa mara kwa mara kwamba wazazi wa Pwani na watoto wao hawana tena muziki wa kusikiliza pamoja, kwa kuwa sisi tumebaki na taarab nao wamehamia gengetone na amapiano. Nyumbani kwangu hapa Tudor mambo ni tofauti, na kilichotukutanisha ni kitu ambacho majirani bado wanakistaajabia: roki ya Uingereza ya miaka ya 1970, ile inayoitwa progresivu.

Kwa wasioifahamu, hii ni roki ya wanamuziki waliochoshwa na nyimbo za dakika tatu, wakaanza kutunga kazi ndefu zenye sehemu nyingi. Bendi ya King Crimson ilitoa santuri yake ya kwanza mwaka 1969, na mwaka 1972 Yes wakatoa Close to the Edge, ambayo upande wake wa kwanza una wimbo mmoja tu wa zaidi ya dakika 18. Mwaka huohuo Jethro Tull walikwenda mbali zaidi na Thick as a Brick, wimbo mmoja uliojaza pande zote mbili na kukatika kwa sababu tu santuri haina budi kugeuzwa. (Jalada lake lilikuwa gazeti la kubuni la kurasa 12, ambalo nadhani wewe Mhariri ungelifurahia kuliko muziki wenyewe.)

Mimi nilizipata santuri hizi kwa marehemu kaka yangu, aliyekuwa baharia. Wanangu walipokuwa wadogo waliziita kelele za baba, nami sikuwalazimisha. Sasa ni watu wazima wenye kazi zao, na wanapokuja Jumapili, baada ya pilau, tunakaa kusikiliza kwa sharti moja tu, kwamba hakuna atakayegusa simu kabla wimbo haujaisha. Siku nilipowawekea Money wa Pink Floyd, wa mwaka 1973, binti yangu alianza kugonga meza kwa vidole akihesabu mapigo manne kama alivyozoea, akapotea, akaanza upya, akapotea tena, hadi alipotambua kwamba mapigo yenyewe ni saba. Alikuwa ndiyo kwanza ameyazoea pale gitaa lilipoingia kwa nguvu na mapigo yakawa manne, akanitazama kama mtu aliyepunjwa sokoni. Kaka yake naye, wiki chache baadaye, aliniletea wimbo wa Porcupine Tree wa mwaka 2007 unaokaribia dakika 18, akaniambia, "Baba, na huu usikize mpaka mwisho." Niliusikiliza, na sehemu yake ya katikati naipenda kuliko kazi nyingi za ujana wangu.

Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba kijana huyohuyo, ambaye zamani hakuwa na subira na taarab, sasa huniomba nimwekee Zein l'Abdin, na udi unapotangulia peke yake kabla ya sauti kuingia, hanyooshi tena mkono kusogeza mbele. Sikumfundisha taarab, alizoea kungoja wimbo ufunguke wenyewe.

Ndiyo maana naandika. Mwezi uliopita nilisikia kituo kimoja cha redio kikiukata wimbo wa Zein katikati ya ubeti ili kupisha tangazo la sabuni, na mtangazaji hata hakuomba radhi. Najua kwamba matangazo ndiyo yanayolipa mishahara, na sidhani kuna mfanyabiashara ambaye angekataa tangazo lake litangulie wimbo au liufuate, mradi tu lisiupasue. Kijana asiyewahi kuusikia wimbo mrefu ukiisha hawezi kulaumiwa kwa kudhani kwamba wazee wake wanapenda vitu visivyo na mwisho.

Naomba basi vituo vyetu vya Mombasa vitenge walau saa moja ya Jumapili alasiri kwa nyimbo ndefu zisizokatwa, za hapa na za ng'ambo. Mimi ningependelea aanze Zein, kisha wafuate Yes. Wanangu wanataka kinyume chake, na huenda nao wakakuandikia.

Mzazi,
Tudor, Mombasa