Mhariri, huyu Shipman ujanja wake uko wapi?

Ndugu Mhariri,

Salaam. Mi msomaji wenu niko huku Uingereza, Bolton, mbeba maboksi wa kawaida tu, kazi yangu kea, yaani kutunza wazee. Sasa ile makala yenu ya wauaji hatari duniani, mlivyomuandika Dk Harold Shipman kwamba ni mtu mwenye akili za ajabu aliyewapiga chenga polisi miaka na miaka, kwa kweli imenikera. Akili gani?

Shipman alikuwa daktari Hyde, mji mdogo tu hapo pembeni ya Manchester, na wazee walikuwa wanamgombania maana ndo alikuwa daktari wa kuja nyumbani, anakaa, anapiga stori, halafu kumbe kwenye begi ana diamofini, ile heroini ya hospitali, nyingine amejikusanyia majumbani mwa wagonjwa wa kansa waliokwishafariki. Bibi anadungwa mchana kweupe, anakutwa kwenye kochi lake kavaa nguo zake vizuri utadhani kasinzia. Watu wa mazishi pale Hyde ndo walioanza kushtuka, maana wao ndo wanaobeba maiti, wakaona mbona wa huyu daktari wanafanana, vibibi vinavyoishi peke yao, wameketi, hata dalili ya kuumwa hakuna. Binti wa hiyo kampuni ya mazishi akamwambia daktari wa kliniki ya jirani. Na wale wa jirani nao walikuwa wanaguna, maana sheria ya huku ilikuwa kabla maiti haijachomwa moto badala ya kuzikwa, daktari wa pili lazima asaini, na waliokuwa wanamsainia Shipman ni wao, na karatasi zilikuwa zinakuja mpaka zinatisha.

Machi 1998 daktari mmoja mwanamama wa kliniki hiyo akaenda kuripoti kwa ofisa anayeshughulikia vifo vya mashaka. Polisi wakaitwa, ilipofika Aprili wamefunga faili. Hata kuangalia kama jamaa ana kesi ya nyuma hawakuangalia! Wangeangalia wangekuta 1976 alitozwa faini pauni 600 kwa kughushi karatasi za dawa apate pethidini, dawa kali ya maumivu, ya kujidunga mwenyewe, na baraza la madaktari likamuandikia barua ya onyo likaishia hapo, mwaka uliofuata yuko Hyde anatibu watu. Faili lilipofungwa akaua wengine watatu. Kuna na dereva teksi ambaye alikuwa anaandika majina ya wateja wake vibibi waliokufa ghafla, wote wagonjwa wa Shipman, lakini akaogopa kusema mapema, na mi simlaumu, dereva teksi na daktari nani atasikilizwa.

Sasa njooni kwenye hiyo akili ya ajabu. Wa mwisho ni Bi Kathleen Grundy, miaka 81, aliwahi kuwa Meya wa Hyde, mtu anayejulikana mji mzima, kafa tarehe 24 Juni 1998. Ukatokea wosia unaosema mali yote, pauni 386,000, apewe daktari. Binti wa marehemu ni mwanasheria, ndo anayemshughulikia mama yake mambo yote ya kisheria, na hajawahi kuusikia wosia huo! Umechapwa ovyo, taipureta iliyochapa ikakutwa kwa Shipman mwenyewe na alama ya kidole chake iko kwenye karatasi. Kaburi likafukuliwa, mofini imo mwilini, maana diamofini ikishadungwa inageuka mofini. Akawa ameshaandika kwenye kompyuta kwamba bibi wa watu alikuwa mtumiaji wa dawa za kulevya, kumbe kompyuta inatunza saa na tarehe kila unapoingiza kitu, kwa hiyo yale maandishi ya "zamani" yakaonekana yameingizwa bibi akiwa keshakufa. Mtoto wa form two angeficha vizuri zaidi.

Alikamatwa Septemba 1998, na tarehe 31 Januari 2000 mahakama ya Preston ikamtia hatiani kwa mauaji 15, kifungo cha maisha. Tume ya uchunguzi ya jaji Janet Smith ikaja kuthibitisha 215, wanawake 171 na wanaume 44, na ikakadiria jumla kama 250. Hakukiri hata mmoja. Januari 2004 akajinyonga gerezani Wakefield, siku moja kabla ya kutimiza miaka 58, familia zikabaki hivyo hivyo bila kujua kwa nini.

Kilichombeba ni udaktari. Daktari akisema moyo umesimama, nani anabisha? Hata kwetu mzee wa miaka 80 akifa tunasema umri umeenda, kazi ya Mungu, kesho yake tumeshazika.

Na mabadiliko yaliyokuja baada yake hamkuyagusa kabisa mkahangaika na utoto wake. Huku kazini kwetu mofini haitolewi na mtu mmoja. Kabati la kufuli, rejista, wawili tunahesabu vichupa, wawili tunasaini, na idadi ikipungua kimoja shifti haiishi mpaka kipatikane, saa nane za usiku mtu una usingizi lakini unahesabu. Ukali wa kufuatilia dawa hizi uliongezwa baada ya ile tume. Ila lile kubwa, kwamba daktari asiyemjua marehemu apitie kila kifo ambacho hakijaenda kwa ofisa wa vifo kabla cheti hakijatoka, limekuja kuwa lazima kisheria Septemba 2024. Hesabuni wenyewe tangu 1998, na hii ni nchi ya watu wanaojisifia mfumo!

Kwa hiyo ombi langu, kama hiyo safu inaendelea, punguzeni picha za muuaji na mtupe nusu ukurasa wa yule binti wa mazishi na yule daktari wa jirani, wasomaji wajue walianza kushuku kwa vitu gani.

Msomaji wenu,
Bolton, Uingereza