Alama ya fundi kwenye vito isipuuzwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumzie mihuri midogo inayogongwa kwenye pete, mikufu na bangili, kwa kuwa naona wanunuzi wengi wanaisoma nusu. Siku hizi si haba wanaojua kuulizia namba: wakiona 916 wanaelewa kwamba ni dhahabu ya karati 22, 750 ni karati 18, 375 ni karati 9, na 925 ni fedha yenye sehemu 925 za fedha safi kati ya 1,000. Ujuzi huo ni mzuri, lakini wengi huishia hapo, na ndipo wanapoumia. Namba anaweza kuigonga yeyote mwenye chuma cha muhuri na nyundo. Kinachoipa namba hiyo nguvu ni alama iliyo jirani yake, yaani herufi au nembo ya fundi au kampuni iliyokitengeneza kitu, kwa sababu kwa alama hiyo tunamjua wa kuulizwa endapo dhahabu itapimwa na kukutwa pungufu.

Wenzetu waliliona jambo hili zamani sana. Nchini Uingereza, sheria ya mwaka 1300 iliagiza vyombo vya fedha vipimwe na kugongwa kichwa cha chui, na mwaka 1363 kila sonara akaamriwa kuwa na alama yake mwenyewe. Hadi leo, chini ya sheria yao ya mwaka 1973, pete ya dhahabu yenye uzito wa gramu moja au zaidi hairuhusiwi kuuzwa huko kwa jina la dhahabu mpaka iwe na alama tatu: ya mwenye kuipeleka kupimwa, ya kiwango cha dhahabu, na ya ofisi iliyoipima, ambayo kwa Birmingham ni nanga. Marekani haina ofisi za namna hiyo, lakini sheria yake ya mwaka 1906 iliporekebishwa mwaka 1961 ilimtaka mfanyabiashara anayegonga karati agonge pia nembo yake ya biashara. India nayo, ambako vito vingi vya madukani kwetu vinatoka, ilianza mwaka 2021 kuulazimisha muhuri wa dhahabu katika wilaya 256, na kila pambo linalouzwa huko chini ya utaratibu huo lina msimbo wake wa herufi na tarakimu sita, ambao mnunuzi anaweza kuuhakiki kwa simu akiwa bado amesimama dukani.

Anayetaka kuzisoma alama hizi nyumbani aoshe pambo kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kisha atumie kioo cha kukuzia mara kumi, kama kile cha masonara, na mwanga unaotoka ubavuni badala ya juu. Katika pete atazame upande wa ndani, katika hereni atazame sindano, na katika mkufu atazame kishikizo. Hapo kwenye kishikizo panahitaji uangalifu, kwani vishikizo hukatika na kubadilishwa, hivyo muhuri wa 750 ulio juu yake hauthibitishi chochote kuhusu mkufu wenyewe. Pia zisomwe herufi zote mpaka mwisho. Palipoandikwa 1/20 12K GF, mwenye haraka huona 12K tu, wakati maana yake ni kwamba dhahabu ya karati 12 imefunika chuma kingine na ni sehemu moja ya ishirini ya uzito wote. Zinazonisikitisha zaidi ni herufi E, P, N na S, kila moja ndani ya ngao yake ndogo, zilizopangwa zikafanana na mihuri ya fedha ya Kiingereza. Kumbe kilichopo ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki uliopakwa fedha kwa umeme.

Hata hivyo, nawasihi wasomaji wasikitupe kitu kwa kuwa hakina muhuri. Vikuku na vidani vya zamani vya pwani yetu na vya Oman mara nyingi havina alama yoyote, na vingi vilifuliwa kutokana na riale za Maria Theresa, yaani sarafu za fedha za Austria, ambazo huonyesha mwaka 1780 hata kama zilipigwa miaka mingi baadaye, na fedha yake ni sehemu 833 kati ya 1,000. Urithi wa namna hiyo upimwe na sonara mwaminifu, wala usiyeyushwe kabla haujapigwa picha pande zote.

Dhahabu ya mchimbaji mdogo inayofikishwa katika masoko ya madini yaliyoanzishwa nchini mwaka 2019 hupimwa usafi wake kabla ya kulipwa. Anayenunua pete ya harusi kwa akiba ya mwaka mzima anastahili uangalifu huohuo. Kwa hiyo nawaomba masonara wetu, ambao wengi wao ni mafundi hodari wanaostahili kujulikana kwa kazi zao, wagonge herufi zao kwenye kila kitu wanachokifua, na risiti zao zitaje uzito, karati na alama zilizomo badala ya neno “pete” na bei peke yake. Naliomba pia Shirika la Viwango na Wakala wa Vipimo wakae na masonara hao waandae daftari la alama zao, lililo wazi kwa umma, ili mnunuzi wa Tanga au Mwanza aweze kujua herufi zilizo ndani ya pete yake ni za nani na anapatikana wapi.

Msomaji wako,
Tanga