Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Feri ya Luanda Kotieno na Mbita

Wanachama wenzangu wa Uyoma, Mbita, Rusinga na Mfangano, wazee wetu, akina mama wa samaki, mabaharia na vijana wa bodaboda, nawasalimu nyote na kuwashukuru kwa kuitikia mwito. Najua wengi wenu mmefunga biashara leo ili mfike hapa.

Mwaka mzima kamati yenu imeshughulikia jambo moja: feri ya Luanda Kotieno na Mbita, inayovuka Ziwa Victoria, iandikwe katika mipango na bajeti za kaunti zote mbili, Siaya na Homa Bay. Barua, mahojiano na vikao vya ufuoni vyote vilielekea huko. Bado hatujafika, lakini tumesogea.

Wako wanaouliza mbona tunapiga kelele ilhali feri inaendelea kuvusha watu. Jibu tulilipata kwa wazee. Vijana wetu walizunguka vijijini wakiwarekodi kwa simu watu waliosafiri kwa meli za zamani, zile zilizotoka Kisumu zikipitia Kendu Bay, Homa Bay na Asembo hadi visiwani. Wazee wanakumbuka mengi. Wanakumbuka honi iliyosikika kabla meli haijaonekana, marobota ya pamba gatini, na kuku waliofungwa miguu chini ya viti. Ila tulipowauliza meli ya mwisho iliondoka lini, hakuna hata mmoja aliyeweza kututajia siku. Safari zilipungua, ratiba ikaacha kufuatwa, abiria wakazoea matatu, kisha watu wakashtuka kwamba hawajaiona meli kwa muda mrefu. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Sitarajii kwamba kivuko chetu kitafungwa kwa tangazo. Kikifa, kitakufa vivyo hivyo, na ndiyo sababu tumeamua kukisemea kikiwa hai.

Katika kazi hiyo mama mmoja wa Rusinga alituletea tiketi iliyokuwa ya marehemu babake. Ni kipande cha karatasi ngumu kilichogeuka rangi ya chai, kimetobolewa pembeni na kondakta, na maandishi ya shirika la reli na bandari la Afrika Mashariki bado yanasomeka. Shirika hilo liligawanywa mwaka 1969, kwa hiyo tiketi ilikuwa imehifadhiwa ndani ya Biblia ya familia kwa zaidi ya nusu karne. Tumeipiga picha na kumrudishia mwenyewe. Nawaomba wenye tiketi, picha au stakabadhi za aina hiyo wazilete kwa katibu apige picha. Asili zibaki kwenu.

Usafiri wa ziwa ni mkongwe kuliko wengi wetu tunavyodhani. Meli ya William Mackinnon ilitoka Uingereza ikiwa vipande, ikaungwa Kisumu na kushushwa majini mwaka 1900. Reli ilifika Desemba 1901. Yaani huku kwetu meli ilitangulia garimoshi. Na ile MV Uhuru ya mwaka 1966, iliyokaa bandarini zaidi ya miaka kumi bila kazi, ilifufuliwa mwaka 2019 na kurudi kubeba mizigo ya Uganda. Tulifurahi sana kuiona ikitoka. Lakini Uhuru ni meli ya mizigo. Abiria wa ghuba ya Winam, anayetaka kwenda ng'ambo na gunia lake la omena, bado anahitaji wa kumsemea.

Tumesoma Katiba kwa makini, na hapa naomba mnivumilie kidogo. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaziweka feri na bandari miongoni mwa kazi za kaunti. Usimamizi wa usafiri wa meli wa kitaifa na kimataifa pekee ndio ulioondolewa. Kwa hiyo anayetuambia kwamba kivuko ni cha Nairobi hajasoma. Shida yetu ni kwamba kivuko hiki kina miguu miwili katika kaunti mbili, na ni rahisi kila upande kudhani mwenzake ndiye mwenye jukumu. Kifungu cha 189 kinaruhusu kaunti kuunda kamati za pamoja au mamlaka ya pamoja. Hicho ndicho tunachokiomba: kamati moja ya kaunti hizi mbili, yenye fungu lake, itakayoangalia magati, barabara za kuingilia, na vyombo vya akiba feri inapokwenda kukarabatiwa.

Tuliandikia ofisi kadhaa za umma tukiuliza ni fedha gani zimetengewa magati. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kujibu. Ofisi moja ilikaa kimya hadi tulipokwenda wenyewe na nakala ya sheria mkononi. Afisa aliyetupokea aliisoma tukiwa tumesimama pale mezani, akatupa kiti, na wiki iliyofuata jibu likaja. Tangu siku hiyo kila barua yetu inataja sheria katika aya ya kwanza.

Sasa niseme jambo lililo moyoni mwangu. Tukienda kwa waheshimiwa na lugha ya biashara peke yake, tunaacha nusu ya ukweli nyumbani. Watu wa Uyoma wameoa na kuolewa ng'ambo, na watu wa ng'ambo wamezika huku. Ukisimama gatini Ijumaa utaliona gari la maiti likifika na matawi mbele ya boneti. Lango la chuma likishushwa, pikipiki zinarudi nyuma, wenye makarai ya samaki wanasogea ukutani bila kuambiwa na mtu, na msiba unapanda kwanza. Bila feri, familia hiyo ingezunguka kupitia Kisumu, Ahero, Katito, Kendu Bay na Homa Bay ndipo ifike Mbita, na gharama yake ingemeza mchango wa mazishi. Hilo tulilisema mbele ya kamati ya wawakilishi wadi, na nadhani lilisikika kuliko hesabu zetu zote.

Kulikuwa na mvutano kati yetu, nao nauleta hapa wazi. Baadhi ya wanachama walitaka tupinge chombo kipya chochote, wakisema kuhifadhi ni kuitunza feri hii hii. Kamati ilikataa. Tunachohifadhi ni safari ya kuvuka, saa zake, bei ambayo mchuuzi anaimudu, na haki ya kila mtu kupanda. Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Tanzania, ikiwa imejaza watu kupita kiasi, na zaidi ya watu 220 wakafa. Miaka 22 kabla ya hapo, Mei 1996, MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na mamia wakapotea. Ziwa ni lile lile. Chombo kikichakaa kibadilishwe. Idadi ya abiria isipitishwe hata siku ya msiba, na jaketi za kuokoa maisha ziwe mahali abiria anapozifikia mwenyewe. Nawasihi muwe wa kwanza kushuka mkiambiwa feri imejaa.

Gugu maji na kina cha ziwa viko nje ya uwezo wetu, lakini mpango wowote wa magati lazima uvikumbuke. Mwaka 2020 sote tuliona maji yalivyomeza fuo na nyumba. Gati lijengwe kwa maji ya juu. BMU, yaani vikundi vya kusimamia fuo, za pande zote mbili zimekubali kutujulisha gugu linapoziba njia.

Kuhusu fedha, mweka hazina atawasomea hesabu baada yangu. Nitasema tu kwamba michango ya mwaka imetumika kwa nauli, chapa na nakala, na kwamba hakuna mjumbe wa kamati anayelipwa posho.

Mwaka ujao kazi iko kwenye kalenda. Kila kaunti hupeleka mpango wake wa maendeleo wa mwaka bungeni kabla ya 1 Septemba, waraka wa mkakati wa fedha kabla ya 28 Februari, na makadirio ya bajeti kabla ya 30 Aprili. Isitoshe, mpango wa miaka mitano wa 2023–2027 unaelekea mwisho, na unaofuata ukiandikwa bila neno feri, tutasubiri miaka mitano mingine. Katika vikao vya maoni ya umma nataka kila ufuo uwe na watu, wa kutosha kujaza viti vya mbele, wenye memoranda iliyotiwa saini. Katibu ana nakala hapo mezani. Kabla hatujaingia kwenye uchaguzi wa kamati, atasoma majina ya wajumbe waliopendekezwa kwenda Siaya na watakaokwenda Homa Bay. Asiyeweza kusafiri aseme sasa ili nafasi ijazwe leo.