Mlinimwagia Samaki Wangu Huku Radi Inapiga: Barua ya Malalamiko

Kirumba, Mwanza
Jumatatu

Meneja Mkuu,
Kampuni iliyoandaa shindano la kuvua samaki kwa ndoana la mwisho wa wiki,
Mwanza.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU NILIVYOTENDEWA KITUO NAMBA 17 SIKU YA JUMAMOSI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ndiye mshiriki wa kituo namba 17. Fomu yangu mnayo, stakabadhi ya ada ya shilingi 60,000 ninayo, na kanuni za shindano mmeziandika wenyewe, kwa hiyo sitapoteza wino kuwaeleza mnayoyajua. Ninaandika kwa heshima. Barua hii nimeshaichana mara mbili tangu jana usiku kwa sababu mkono ulikuwa unatetemeka kwa hasira.

Niseme mapema: silalamikii mvua. Nimezaliwa kando ya Ziwa Victoria, nimefanya kazi kiwanda cha minofu ya sangara miaka 22, na nimeshika ndoana tangu nikiwa mdogo kuliko mjukuu wangu niliyekuja naye. Masika ni masika. Mvua ya huku kwetu hujikusanya ziwani usiku na kutufikia alfajiri, na mvuvi yeyote anajua kwamba maji yakichafuka, kambare husogea pwani kwenye kina kifupi. Kambare wangu wa Jumamosi aliletwa na mvua hiyohiyo. Nilikaa ndani yake saa mbili na nusu, maji yananiingia shingoni na kutokea kwenye viatu, wala sikufungua mdomo kulalamika. Mvua siiogopi. Radi naiogopa, na nyinyi pia mnaiogopa, ndiyo maana mkaandika kanuni ya 9, ile ya filimbi tatu za tahadhari ya radi.

Filimbi ya kuanza ilipigwa saa 1 asubuhi. Hadi saa 3 na dakika 20 nilikuwa na sato wanne, gogogo wawili na kambare mmoja, wote hai ndani ya wavu wangu wa kuhifadhia. Niliwapima kwa mizani yangu ya kuning'iniza: kilo 9 na gramu 200. Mjukuu wangu alipiga picha ya mizani kwa simu, na saa inaonekana kwenye picha. Nawaomba muikumbuke namba hiyo, kwa sababu jana mmempa ushindi wa siku ya kwanza mtu mwenye kilo 8 na gramu 650. Sina ugomvi naye. Alivua kihalali.

Wakati huo ngurumo zilikuwa zimeshaanza upande wa ziwa. Nilimwambia mtoto awe anahesabu sekunde kuanzia anapoona mwanga mpaka anaposikia mlio. Mara ya kwanza alifika ishirini na mbili. Baadaye kumi na tano. Kisha akafika tisa, akanyamaza, akanitazama. Sauti hutembea kilomita moja kwa sekunde tatu hivi, kwa hiyo radi ilikuwa kilomita tatu kutoka tuliposimama, juu ya mawe yaliyolowa, pembeni ya maji. Ushauri wa usalama unaotolewa kwa watu wa majini ni kwamba ukihesabu chini ya thelathini uwe umeshajisitiri, na usirudi hadi zipite dakika thelathini tangu ngurumo ya mwisho. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imetoa tahadhari tangu Ijumaa jioni. Filimbi tatu za kanuni yenu ya 9 hazikupigwa.

Halafu fimbo yangu ikaanza kuvuma. Sijui kama kuna mtu ofisini kwenu aliyewahi kuisikia sauti hiyo. Ni fimbo ya kaboni, aliniletea mwanangu kutoka Dar es Salaam, na kaboni hupitisha umeme vizuri. Ilivuma kama nyuki aliyenaswa ndani ya chupa, nikahisi vidole vinawashwa na vinyweleo vya mkono vinasimama ndani ya koti lililolowa. Niliilaza palepale juu ya jiwe, nikamshika mtoto mkono, tukaondoka. Chini ya turubai la wageni wenu tulizuiwa kuingia, na sasa nashukuru, kwa kuwa lilikuwa na nguzo za chuma. Dereva wa gari lenu la vifaa ndiye aliyetufungulia mlango. Yeye simlalamikii, naomba asiadhibiwe kwa wema wake.

Tuliporudi, nilimkuta msimamizi wenu, kijana wa rika la kitindamimba wangu, ameshika wavu wangu mkononi. Hakunipa shikamoo. Alisema kituo kimeachwa, mshiriki ameondolewa. Nikamwambia, baba, subiri, tupige hesabu kwanza, hawa wapime halafu uniondoe. Akaugeuza wavu juu chini, akaukung'uta. Sato wanne, kambare, gogogo mmoja, wote majini. Kisha akaniambia mbele ya watu wasiopungua kumi: "Bibi, kama unaogopa mvua ungebaki jikoni."

Kilo 9 na gramu 200.

Jana Jumapili nilifika saa 12 asubuhi, kabla hata ya kura ya vituo, nikitegemea mtu mzima mmoja atanisikiliza. Dada wa mezani alinijibu bila kuinua macho kwamba malalamiko yanapokelewa ofisini Jumatatu. Leo ni Jumatatu. Nimepiga simu mara tano. Mara mbili nimeambiwa nisubiri laini, mara tatu imekatwa. Siku ya kujiandikisha hapakuwa na laini ya kusubiri. Mlinipigia wenyewe, tena mara mbili kwa siku, mkaniita mama, mkaniambia mnahitaji wanawake washiriki ili picha zipendeze. Mlinipiga picha nimeshika fimbo, na picha hiyo bado iko kwenye bango lenu. Iondoeni.

Mtu mmoja wenu alijibu ujumbe wangu Jumamosi jioni kwamba "hakuna aliyedhurika". Naomba nilijibu hilo, kwa sababu ndilo lililonifanya nisilale.

Rudini pale kwenye kituo namba 17. Nimesema msimamizi aliukung'uta wavu. Nilichokiruka huko juu, kwa kuwa kilinishinda kukiandika, ni gogogo wa pili. Gogogo akishtuka husimamisha miba yake, mmoja wa mgongoni na miwili ya ubavuni, na miba hiyo hujifunga kabisa. Hata akifa haikunjwi kwa nguvu. Yule wa pili alinasa kwenye matundu ya wavu. Kijana wenu akaukung'uta mara tatu, gogogo hakutoka. Basi hakuthubutu kumshika mwenyewe. Alimtupia wavu mjukuu wangu, mtoto wa miaka 13, akamwambia, "Mtoe wewe, haraka, tufunge kituo." Mvua inamwagika, mwanga unapiga juu ya ziwa, mtoto amesimama kwenye maji ya magoti. Nilikuwa hatua tano hivi nyuma yake, nateleza kwenye mawe, nikipiga kelele, mwache, mwache. Hakunisikia au hakutaka kunisikia. Mwiba uliingia kwenye kiganja chini ya kidole gumba na kukwama humo, samaki ananing'inia mkononi mwa mtoto akitoa ule mlio wake wa kukoroma. Mtoto hakulia. Alikuwa anahesabu. Alikuwa bado anahesabu sekunde za radi kwa sauti, kwa sababu mimi ndiye niliyempa kazi hiyo na hakuna aliyemwambia aache. Alifika sita.

Hapo ndipo kijana wenu aliponiambia habari za jikoni. Alisema maneno hayo nikiwa nimepiga magoti majini namtoa mtoto mwiba.

Kuhusu kuthubutu, niongeze hili: tangu ngurumo ya kwanza hadi tulipoondoka, msimamizi huyo alikuwa ndani ya gari, vioo vimepandishwa. Mshiriki wa kituo namba 16 na wa namba 18 wamekubali kutoa ushahidi. Aliposhuka garini, kazi yake ya kwanza haikuwa kupiga filimbi tatu. Ilikuwa kuja kwenye wavu wangu. Oktoba 2018 radi iliua wanafunzi Geita wakiwa darasani. Sisi tulikuwa wazi juu ya mawe na fimbo mikononi, na mtu mliyemlipa atulinde alikuwa anatutazama kupitia kioo.

Kiganja kilivimba hadi kifundo cha mkono. Jumamosi usiku tulikuwa zahanati, kadi ya matibabu na stakabadhi za dawa ninazo.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuomba ada yangu tu irudishwe na kilo zangu ziingizwe kwenye matokeo ya siku ya kwanza. Naona sasa haitoshi. Ada mrudishe, na gharama za matibabu mlipe zote, za sasa na zitakazofuata kidonda kikikataa kupona. Matokeo ya Jumamosi yasahihishwe kwa maandishi na yabandikwe palepale mlipobandika ya kwanza. Na msimamizi yule aje Kirumba, nyumbani kwangu, pamoja na mkubwa wake mmoja, amwombe radhi mjukuu wangu mbele ya wazazi wake. Mimi aniombe radhi baadaye au asiniombe. Mtoto kwanza.

Nilitaka kuwapa siku 14. Nimekumbuka simu zilizokatwa leo. Nawapa siku 7 tangu tarehe mtakayogonga muhuri wa kupokea barua hii. Nimeandaa nakala mbili, moja mgonge mnirudishie. Siku ya nane nitakuwa Tume ya Ushindani, inayolinda pia haki za walaji, na barua hii, picha ya mizani, kadi ya zahanati na majina ya mashahidi, na kwa suala la mtoto nitaanzia polisi, dawati la jinsia na watoto, bila kuwapigia simu tena. Kama mtamhamisha kijana huyo mkoa mwingine badala ya kumwajibisha, nitajua, kwa sababu wavuvi wa ndoana wa ziwa hili tunafahamiana kuanzia Musoma hadi Bukoba, na nitasimama kwenye kila shindano mtakaloandaa, langoni, na kanuni ya 9 imeandikwa kwenye kadibodi.

Fimbo yangu iliachwa juu ya jiwe kwa sababu nilikuwa nimembeba mtoto. Nilipomtuma jirani Jumamosi jioni hakuikuta. Kama iko kwenye stoo yenu pamoja na vifaa vya shindano, ina utepe mwekundu kwenye mshikio. Nitaifuata mwenyewe.

Wenu katika kudai haki,

Mshiriki, Kituo Namba 17

Nakala:
Afisa Michezo wa Mkoa
Afisa Uvuvi wa Wilaya
Mshiriki, Kituo Namba 16
Mshiriki, Kituo Namba 18