Dada, Mama alikuomba sauti tu

Dada, shikamoo.

Najua huku unapita, maana mara nyingi nasikia kwa watu ulichosema kuhusu nilichoandika. Basi na hii isome. Tangu tumalize arobaini ya Mama hupokei simu zangu, na meseji unaziacha zimesomwa bila jibu. Mimi ni mdogo wako, sitakutukana. Ila nina donge, na limetokana na ile filamu ya wanyama.

Kwa wasioijua: inaitwa Homeward Bound: The Incredible Journey, ya mwaka 1993. Familia moja ya Marekani inahamia San Francisco kwa muda kwa sababu ya kazi ya baba, inawaacha mbwa wawili na paka kwa rafiki yao shambani. Wale wanyama wanadhani wametupwa, au mabwana zao wamepatwa na jambo. Wanafunga safari kupitia milima ya Sierra Nevada kurudi nyumbani. Paka anasombwa na mto, mbwa kijana anajazwa miiba ya nungunungu usoni, chui wa milimani anawaandama. Na mzee wao, Shadow, anatumbukia kwenye shimo la matope wakiwa wamekaribia kabisa kufika.

Kanda ile ilitufikia Magomeni wakati watu wa bara ndiyo kwanza tunaionja televisheni, ITV imeanza juzi juzi, 1994. Deki lilikuwa moja mtaa mzima, nalo lilikuwa kwetu, na mlango haukufungwa. Kiingereza ulikijua wewe peke yako. Ukakaa kwenye ukingo wa kochi ukaanza kuwapa sauti.

Wanyama wale midomo yao haifunguki wanapoongea. Ni mbwa na paka wa kweli, sauti zimewekwa juu tu. Siku hizi kompyuta inachezesha mdomo wa mnyama hadi kila neno linakaa mahali pake, kama kwenye ile ya simba, The Lion King ya 2019, na mtu mwingine hana pa kuingiza lake. Ile yetu iliacha nafasi, ukaijaza. Mbwa kijana ukamfanya konda wa Posta–Kariakoo. Paka akawa yule shangazi yetu wa Tanga asiyeridhika na chochote. Na Shadow ukampa sauti ya Babu, ile ya polepole, ya "wajukuu zangu, sikilizeni".

Na Mama, ambaye mbwa akilamba sufuria angeiosha mara saba kama tulivyofundishwa madrasa, akampenda yule mbwa mzee kuliko watu wengine wa mtaani. Kila tukifika kwenye shimo aliacha anachofanya. Shadow anajaribu kupanda, mbao zimeoza, udongo unateleza, mguu hauna nguvu. Mwenzake anambembeleza, yeye anamwambia aende zake. Wewe ukiwa Babu unasema, "Nendeni, magharibi isiwakute njiani." Mama anaijibu televisheni: "Msimwache mzee huyo! Mnamwacha na nani?"

Nimesoma kwamba sauti halisi ya Shadow ni ya Don Ameche, na kwamba alifariki Desemba mwaka huohuo filamu ilipotoka. Mama hakumsikia mtu huyo hata siku moja. Alikusikia wewe.

Sasa ile Idi ya mwisho uliyokuja kutoka Uingereza. Niliitafuta filamu ile nikaiweka kwenye fleshi kwa ajili yake. Mama amekaa kwenye mkeka, mguu uliovimba ameunyoosha juu ya mto, tasbihi mkononi. Tukafika kwenye shimo. Akakugeukia, uso umechangamka kama wa msichana, akasema, "Haya, mpe sauti."

Hukuinua macho kwenye simu. Ukasema, "Mama, hii ya watoto bwana. Na maneno si yameandikwa hapo chini?"

Yameandikwa Kiingereza, Dada. Mama kusoma alijifunza ukubwani, kisomo cha watu wazima enzi za Mwalimu, na alisoma Kiswahili. Unalijua hilo kuliko mimi.

Akasema, "Haya mwanangu." Akavuta khanga begani. Nikajaribu mimi, nikaikoroga sauti ya Babu, akanizuia kwa mkono: "Wewe acha, huijui." Akaangalia mpaka mwisho bila neno. Hata pale Shadow anapotokea anachechemea na yule mvulana anayemfuga anamkimbilia, pale alipokuwa akipiga vigelegele, hakupiga.

Wewe ulikuwa msichana wa kukesha naye. Ada yangu ya sekondari ulilipa wewe, na sitaisahau. Ndiyo maana nashangaa: mtu aliyeweza kumpa hayo yote alishindwaje kumpa dakika tano za sauti?

Wanao hawajui Kiswahili. Nakusihi uwawekee filamu hiyo na uwapigie sauti zilezile, konda, shangazi na Babu. Watacheka, na wataanza kuuliza maneno. Usiseme huna muda. Mimi pia nina kazi na watoto, na bado nilimhamishia Mama kwangu Mbagala, nikalala sakafuni kando ya kitanda chake. Hukuambiwa mapema hali yake kwa sababu alinikataza kwa kiapo. Ulitaka nivunje kiapo cha mgonjwa? Leo ningefanya vilevile.

Na televisheni uliyomnunulia niliihamisha pamoja naye kwa sababu aliitaka mbele ya kitanda. Ukaandika kwenye kundi la familia kwamba nimebeba mali ya marehemu, wakati siku naibeba Mama alikuwa hai na yeye ndiye aliyeshika rimoti kwenye bajaji.

Khitma ya mwaka tutaisoma palepale Magomeni. Chumba chako hakijapangishwa, njoo na watoto. Lakini kabla hujakata tiketi, ingia kwenye kundi uyafute yale maneno ya televisheni, uandike na ukweli wake, wauone shangazi na wakwe zangu waliosoma yale ya kwanza.